Kiinua mgongo si mtaji: hesabu miezi kwanza

Arusha na Moshi ni miji ambayo ajira hukatika kwa mkupuo. Aprili 2020, serikali iliposimamisha ndege za abiria kutoka nje, waongoza watalii, madereva, wapagazi, wapishi wa mlimani, wahudumu wa hoteli na wauza vinyago walijikuta nyumbani ndani ya wiki chache, wote kwa pamoja. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda ilipofunga kazi zake Arusha mwishoni mwa 2015, mishahara yake iliondoka pamoja na wapangaji wazuri na wateja wa migahawa. Januari 2025 Marekani ilipositisha misaada yake ya nje, watumishi wa miradi iliyotegemea fedha hizo nchini walipata barua kabla hata mwezi haujaisha.

Hilo la kukatika kwa pamoja lina maana kubwa kwa mfuko wa mtu mmoja mmoja. Ukipoteza kazi peke yako, friji lako litapata mnunuzi mtaani. Mkipoteza watu mia tano wiki moja, mafriji yote yanaingia sokoni siku moja, na mabanda ya kuku wa nyama yanajengwa mwezi mmoja. Ndiyo maana nasisitiza jambo moja, na yote yaliyobaki yanatoka humo: fedha unayolipwa ukiachishwa kazi si mtaji. Ni mishahara ya miezi ijayo iliyokuja kwa wakati mmoja, na kazi yake ya kwanza ni kukununulia muda.

Barua kabla ya hela

Mtu akiitwa ofisini akaambiwa kampuni haina fedha, mara nyingi huwekewa mezani moja ya karatasi mbili. Ya kwanza ni barua ya mwajiri kusitisha ajira. Ya pili ni barua ambayo mfanyakazi anatakiwa aandike yeye, kwamba anaacha kazi kwa hiari, na maneno matamu juu yake: andika hivi, tutakulipa haraka, tutakupa na barua nzuri ya utambulisho. Usiiandike. Ukiandika umeacha kazi mwenyewe, kiinua mgongo kinaponyoka, notisi inaweza kugeuka kuwa deni lako kwa mwajiri, fao la kukosa ajira la NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, linakataliwa, na ukienda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA, unaanza kwa kueleza kwa nini sahihi yako iko pale. Mistari miwili ya wino inaweza kukugharimu chakula cha nusu mwaka.

Karatasi inayoitwa makubaliano ya kusitisha mkataba nayo isainiwe polepole. Omba nakala, nenda nayo nyumbani, soma kama kuna sentensi inayosema hutadai chochote tena. Mwajiri mwenye nia njema hatakataa ulale nayo usiku mmoja.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri anayepunguza watu kwa sababu za kiuendeshaji atoe taarifa mapema, aeleze sababu, na ashauriane na wafanyakazi au chama chao kabla ya kuamua. Kama umepewa barua asubuhi na kutolewa getini mchana, hapo kuna hoja. Lakini hoja ina saa inayokwenda: mgogoro kuhusu uhalali wa kuachishwa kazi unatakiwa ufike CMA ndani ya siku 30 tangu tarehe ya kuachishwa. Madai mengine, kama mshahara ambao haukulipwa, yana siku 60. Unajaza fomu namba 1, unampa mwajiri nakala, na unabaki na ushahidi kwamba ameipokea: mhuri, sahihi, au risiti ya kutuma. Wengi wanakwama hapo kwenye ushahidi wa kupokea. Wengine wanakwama kwa sababu ya subira. Bosi anasema njoo wiki ijayo, njoo baada ya Pasaka, na siku 30 zinapita mkiwa bado mnaongea vizuri. Kufungua shauri hakuzuii kuendelea kuongea, na hatua ya kwanza huko CMA ni usuluhishi huo huo. Ukichelewa, kuna fomu ya kuomba kuongezewa muda, ila utatakiwa utoe sababu za maana.

Kwa wanaofanya kazi kwa safari, wapagazi na wapishi wa mlimani hasa, barua ya ajira mara nyingi haipo. Ushahidi unakuwa meseji za malipo ya simu, picha za orodha ya timu, na jumbe za kuitwa kazini. Zihifadhi nje ya simu mara moja, kwa sababu ukata ukizidi simu ndiyo inayouzwa kwanza.

Hesabu ya mwisho wa kazi

Hebu tuchukue mfano mmoja tuuchambue mpaka shilingi. Mfanyakazi wa hoteli Moshi, mshahara wa msingi 600,000 kwa mwezi, siku sita kwa wiki, amefanya kazi miaka 4 na miezi 7, anapunguzwa mwisho wa mwezi, likizo ya mwaka huu hajachukua, na mwajiri hampi notisi bali anailipa.

Mshahara wa mwezi aliofanya kazi ni haki yake kama kawaida, huo hatuuhesabu hapa. Notisi kwa anayelipwa kwa mwezi ni siku 28. Waajiri wengi huilipa kama mshahara wa mwezi mmoja, 600,000. Likizo ni siku 28 kwa mwaka, kwa hiyo kwa miezi 7 anadai takriban 7/12 ya mshahara, yaani 350,000. Kiinua mgongo ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, usiozidi miaka 10, kwa aliyefikisha angalau miezi 12 ya kazi mfululizo. Kupata mshahara wa siku, gawa wa mwezi kwa 4.333 kisha kwa siku 6: inatoka kama 23,078. Mara siku 7, mara miaka 4, ni 646,184. Ile miezi 7 ya ziada haihesabiki kwenye kiinua mgongo, na hilo huwashangaza wengi.

Jumla: 1,596,184 kabla ya kodi. Kama aliajiriwa mbali na akaletwa Moshi, sheria inamdai mwajiri pia nauli ya kumrudisha na mizigo yake mahali alipoajiriwa. Na asiondoke bila cheti cha utumishi. Ni lazima kisheria, na mwajiri mpya atakiulizia.

Makosa ya kawaida kwenye karatasi ya malipo ni haya: kiinua mgongo kupigiwa miaka pungufu kwa sababu mkataba ulihuishwa katikati na mhasibu akaanza kuhesabu upya, likizo kuandikwa imechukuliwa wakati haikuchukuliwa, na mikopo midogo ya ofisini kukatwa mara mbili. Kaa na mhasibu mpitie mstari kwa mstari. Ni haki yako kuona kila kiasi kimetoka wapi.

NSSF: fao ambalo wengi hawaliombi

Aliyeajiriwa sekta binafsi na akachangiwa NSSF angalau miezi 18, akapoteza kazi bila kupenda kwake, ana fao la kukosa ajira: asilimia 33.3 ya mshahara wa mwisho, kila mwezi, kwa miezi sita. Kwa yule wa hoteli ni 199,800 kwa mwezi, jumla 1,198,800. Asiyefikisha miezi 18 hulipwa nusu ya michango yake. Aliyekuwa na mkataba wa msimu au kazi isiyohitaji taaluma aulize ofisini kuhusu utaratibu wake, maana huwa tofauti.

Kinachokwamisha madai haya ni majina kuliko kitu kingine chochote. Kitambulisho cha NIDA kinasema Happyness, kadi ya NSSF inasema Happiness, benki wameandika la ukoo kwanza na kuacha la baba. Kila tofauti ni safari nyingine, na hati ya kiapo kwa wakili au mahakamani. Linganisha majina yote matatu kabla hujapeleka fomu. Kinachofuata ni michango isiyopelekwa: mshahara ulikatwa asilimia 10, mwajiri hakupeleka. Angalia taarifa ya michango kwenye mfumo wa NSSF au ofisini kwao, na kama kuna mapengo peleka hati za malipo ya mshahara zinazoonyesha makato. Kumdai mwajiri ni kazi ya wakaguzi wa mfuko, lakini hawawezi kudai wasichokijua.

Sasa rudi kwenye mfano. Malipo ya mwajiri na ya NSSF yakijumlishwa ni 2,794,984. Huyu mtu alikuwa anapeleka nyumbani kama 516,000 baada ya makato. Akiendelea kuishi kama zamani, ana miezi mitano na wiki mbili hivi. Akishusha matumizi ya lazima hadi 350,000, ana karibu miezi minane. Asipoomba fao la NSSF, hata kwa 350,000 ana miezi minne na nusu tu. Hesabu hiyo ya miezi iandikwe ukutani au kwenye daftari la jikoni, na mwenza aijue. Kwa kazi za utalii miezi ina majina: aliyepoteza kazi mwishoni mwa Machi anaingia masika, Aprili na Mei hakuna safari, na simu za kazi zinaanza kuamka Juni. Mwenye miezi miwili tu mfukoni atauza kitu Mei, wakati ambapo kila mtu anauza.

Benki, SACCOS na kausha damu

Mkopo wa mshahara ndio unaommaliza mtu haraka. Akaunti inayopokea mshahara ndiyo hiyo hiyo inayokatwa rejesho, na malipo ya mwisho yakiingia humo, benki inaweza kukata malimbikizo kabla hujaiona hela. Mikopo mingine mwajiri aliahidi kwa maandishi kwamba stahiki za mwisho zitapitia benki hiyo. Kwa hiyo nenda benki kabla ya malipo kuingia, ukiwa na barua ya kusitishiwa ajira, na uombe kwa maandishi mkopo upangwe upya. Uliza mambo matatu na uandike majibu: katika miezi ya kupumzika riba inaendelea kuhesabika au la, bima ya mkopo, ambayo ulikatwa siku ya kwanza, inahusu kifo na ulemavu tu au na kupunguzwa kazi pia, na kama inahusu, mwisho wa kupeleka dai ni lini. Bima hiyo imelala kwenye mafaili ya watu wengi ambao hawakuwahi kuisoma.

Kupanga upya mkopo kunashusha rejesho la mwezi na kuongeza jumla utakayolipa. Kwa aliyepoteza kazi hilo ni badiliko zuri, kwa sababu shida yake ni mwezi huu. Kukimbia na kuzima simu ndiko kubaya: taarifa inaingia kwenye kumbukumbu za mikopo, na benki nyingine zote zitaiona miaka ijayo. Aliyeweka nyumba rehani ajue kwamba sheria ya ardhi inamtaka mkopeshaji atoe notisi ya siku 60 kabla ya kuchukua hatua. Siku hizo ni za kutafuta mnunuzi wako mwenyewe, kwa bei yako, kuliko kusubiri mnada.

Kwa SACCOS, yaani chama cha akiba na mikopo, hesabu ni tofauti. Tuseme una akiba 2,000,000 na deni limebaki 1,400,000. Ukiomba akiba ifidie deni, unabaki na 600,000, huna rejesho la kila mwezi, na wadhamini wako wanalala usingizi. Inauma kupoteza uanachama, ila kwa maoni yangu kwenye hali hii ni bora kuliko kulipa riba kwa deni ambalo akiba yako mwenyewe inaweza kulimaliza. VICOBA, vile vikundi vya kununua hisa na kukopeshana, usijitoe katikati ya mzunguko kama unaweza. Omba kikao kikuruhusu ushushe hisa hadi moja kwa wiki. Mweleze mwenyekiti kabla ya siku ya kikao, ana kwa ana. Ukianza kukosa vikao, faini zinakula hisa.

Na kausha damu, yaani mikopo ya mtaani ya riba kali. Mfano: unapewa 200,000 leo, unarudisha 10,000 kila siku kwa siku 30. Umelipa 300,000. Hiyo ni asilimia 50 kwa mwezi mmoja, wakati Benki Kuu imeweka ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wadogo wenye leseni. Anayetaka abaki na kadi yako ya benki na namba ya siri, au aandikishwe vyombo vya ndani, si wa kukaa naye meza moja. Programu za mikopo kwenye simu nazo ziangalie kwenye orodha ya Benki Kuu. Novemba 2024 walifungia 69 zilizokuwa zinakopesha bila leseni, na njia ya nyingi ilikuwa kuwatumia ndugu zako meseji za kukudhalilisha. Hata ule mkopo mdogo wa kukamilisha muamala unatoza kila siku unayochelewa, na kwa mtu asiye na tarehe ya mshahara, siku hizo hazina mwisho.

Kushusha 516,000 hadi 350,000

Watu huanza kupunguza kwenye nyama na sukari. Anza kwenye vikubwa: kodi ya nyumba, shule, usafiri, michango.

Mwenye nyumba anayetaka kodi ya miezi sita mfuate kabla ya tarehe, mwezi mzima kabla kama inawezekana, umwombe ulipe mwezi kwa mwezi. Mpe sababu ya kukubali: utalipa tarehe moja ya mwezi bila kufuatwa, na ukishindwa utampisha kwa taarifa ya mwezi. Nyumba ikikaa tupu miezi miwili naye anapoteza, na anajua. Aliye na kwao Kibosho, Marangu, Machame au Rombo anaweza kurudisha familia mgombani kwa muda. Ni nafuu halisi ya kodi, ndizi na maziwa, lakini piga hesabu ya nauli ya kushuka mjini kutafuta kazi. Ikizidi kodi uliyookoa, faida imekwisha.

Shule ni ngumu kuliko zote, na hapa sitoi jibu moja. Shule za serikali hazina ada tangu msingi hadi kidato cha sita. Uhamisho wa mwanafunzi unapitia mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi uitwao PReM, kati ya wakuu wa shule mbili, na unakuwa mgumu mwanafunzi akishasajiliwa kwa mtihani wa taifa. Kwa hiyo mtoto wa darasa la saba kwenye shule ya Kiingereza mwache amalize, kwa gharama yoyote inayobebeka. Mdogo wa darasa la pili ndiye wa kuhama, naye atazoea ndani ya muhula. Kabla ya yote omba shule ikugawie ada kwa awamu zaidi, na uondoe basi la shule kama mtoto anaweza kutembea na wenzake. Deni la ada lisikufanye ukwepe ofisi ya mkuu, maana uhamisho utaihitaji ofisi hiyo hiyo.

Kadi ya bima ya afya ya mwajiri itakufa michango ikisimama. Kabla haijafungwa, mwenye presha au kisukari nyumbani aende kliniki, na amwombe daktari dawa zinazopatikana hospitali za serikali za Mawenzi au Mount Meru kwa jina la kawaida la dawa, asitegemee zile za kampuni moja ambazo hataweza kuzinunua mwezi wa tatu.

Chakula: nunua kwa gunia au debe. Debe moja ni sado tano, na kununua sado moja moja dukani kwa Mangi kunakulipisha faida yake mara tano. Siku za Tengeru na Ngaramtoni kwa Arusha, au Mbuyuni kwa Moshi, gawana gunia na jirani. Mahindi yapimwe ukavu kabla ya kulipa: weka kiganja cha mahindi na chumvi kavu kidogo kwenye chupa kavu, tikisa dakika mbili tatu, acha yatulie. Chumvi ikishika ukuta wa chupa, mahindi yana maji na yatavunda kwenye gunia. Yaliyoota ukungu yaache hata kwa bei ya bure, sumukuvu haiondoki kwa kupika. Yakiwa makavu, mfuko wa PICS, ule usiopitisha hewa, uliofungwa vizuri unayatunza bila dawa. Wadudu wanakosa hewa. Kaya ya watu watano inayosonga kilo moja na nusu kwa siku inakula gunia la kilo 100 kwa zaidi ya miezi miwili ikisaga dona. Ukikoboa sembe unapoteza karibu robo, na gunia hilo hilo linakwisha kwa siku 50 hivi. Dona haikai sana kwa sababu ya mafuta ya kiini, kwa hiyo saga ya wiki mbili tu kila safari.

Umeme una adui mmoja Arusha, hasa Juni na Julai: hita ya kuogea. Ya kilowati 4.5 ikiwaka dakika 10 inakula uniti 0.75. Watu wanne kila siku ni uniti 3, kwa mwezi 90. Hapo bado hujawasha taa. Kaya inayotumia chini ya uniti 75 kwa mwezi inaweza kuombewa TANESCO kundi la D1, ambako uniti ni shilingi 100 kabla ya kodi na tozo. Ukivuka 75, za ziada ni 350 kila moja. Zima hita, chemsha maji ya kuoga sufuria moja kwa jiko, pasi nguo mara moja kwa wiki, kisha nenda ofisini kwao uombe kuhamishwa kundi. Usiombe kabla ya kushusha matumizi, watapitia historia ya manunuzi yako.

Halafu michango. Kilimanjaro na Arusha kamati za harusi, sendoff na kipaimara hazina masika wala kiangazi, na ahadi ya laki moja uliyoandikisha ukiwa na mshahara inakufuata kwenye kundi la WhatsApp. Kunyamaza ndiko kunakokuchafulia jina. Mtumie mwenyekiti au mweka hazina ujumbe wa faragha, mapema: "Shikamoo mwenyekiti, pole na maandalizi. Nimepunguzwa kazi mwezi huu. Ahadi yangu ya laki moja naomba iwe elfu ishirini, nimeshatuma sasa hivi. Siku ya shughuli nitafika asubuhi nisaidie mapokezi na usafiri wa wageni." Elfu ishirini iliyofika ina heshima kuliko laki inayosubiriwa, na kamati daima inakosa watu wa kubeba viti. Misiba ni tofauti. Hapo toa kidogo ulichonacho na ukae na wafiwa. Kadi mpya usizichukue, na safari ya Desemba kwenda nyumbani ipangwe kwa nauli ya kawaida ya basi au isubiri Januari.

Kuuza na kuanzisha

Ukibanwa, uza kwanza kinachokula hela: gari. Mafuta, bima, vipuri na maegesho vinaondoka pamoja nalo, na mauziano yasajiliwe Mamlaka ya Mapato, TRA, siku hiyo hiyo ili faini za mnunuzi zisikurudie. Cherehani, friji la kuuzia barafu, kompyuta ya kazi, vibakie mpaka mwisho. Shamba na kihamba, yaani shamba la urithi la ukoo, visiguswe ndani ya mwaka wa kwanza. Mnunuzi wa kihamba anajua ukata unaponuka na bei yake inaonyesha hivyo.

Biashara ianze lini? Miezi iliyobaki kwenye daftari ikiwa chini ya mitatu, usitoe hata shilingi ya mtaji. Ikiwa zaidi, toa sehemu ndogo, si zaidi ya moja ya kumi, uijaribu. Chukua kuku wa nyama, maana ndiko wengi wanakokimbilia. Kuku mmoja hadi wiki ya tano anakula kilo 3 hadi 3.5 za chakula. Kuku 100 ni mifuko sita au saba ya kilo 50, na chakula ndicho kinachobeba zaidi ya nusu ya gharama yote. Kuanzia wiki ya tano kila siku unayokosa mnunuzi wanaendelea kula huku kila kilo ya chakula ikiongeza uzito mdogo kuliko mwanzo, na ndani ya siku kumi faida yote imeingia tumboni mwao. Usiku wa Juni Arusha vifaranga wanahitaji joto mpaka wiki ya tatu, na mkaa huo huwa hauonekani kwenye hesabu za mtandaoni. Anayejaribu aanze na 30, akiwa na majina ya wanunuzi kabla ya vifaranga kuingia bandani, na aangalie majirani wangapi wameanza mwezi huo huo. Wakiwa wengi, auze chakula cha kuku au afanye chanjo kwa malipo, kazi ambazo wingi wao unazisaidia.

Bodaboda ya kumpa kijana kwa hesabu ya siku inalipa pale tu unapomjua kijana na kwao, na umetenga fedha ya tairi, cheni na matengenezo. Bila hivyo, mwezi wa nne pikipiki iko kwa fundi na hesabu imesimama. Mwenye ujuzi wa kazi aliyoachishwa nayo, mpishi, fundi umeme wa hoteli, mhasibu, aanze kwa kuuza ujuzi huo kwa siku, kwa sababu hauhitaji mtaji na unamweka karibu na ajira inayofuata. Mauzo yasiyofika milioni 4 kwa mwaka hayadaiwi kodi ya mapato kwa mfanyabiashara mdogo, ila TIN, namba ya mlipakodi, ni ya kuwa nayo.

Kipato kipya kikianza kuingia, hata kidogo, kikate kwa mpangilio huu: kwanza watu waliokukopesha bila karatasi, kisha malimbikizo ya kodi ya nyumba na ada, kisha benki kwa ratiba mpya mliyokubaliana. Matumizi yabaki kwenye 350,000 mpaka daftari lionyeshe tena miezi mitatu, na hapo ndipo hita ya kuogea inaweza kuwashwa.